Kibonye cha Fa

Jumanne, saa kumi na nusu,
nafungulia mvuke chumba cha chini cha maktaba,
upande wa mashariki wa Buffalo.
Bomba linakohoa kama mtu aliyeamshwa mapema mno.
Nje theluji imefika kiunoni mwa masanduku ya barua.
Naye anashuka ngazi, Bi Vernita Gadsden,
miaka sabini na minne,
na glavu tatu: mbili za mikono yake,
moja ya mtoto atakayekuja na mkono mtupu.

Mimi ni mfagizi. Noti sizisomi.
Ila mwaka wa sita huu nafagia chini ya muziki wake,
na vumbi lake nalijua.

Kuna bango, alilitundika mwenyewe
nyuma ya mlango wa choo:
Gadsden na wenzake watatu. Toronto, Chicago, Kopenhageni.
Gauni la kijani, mabega ya mtu
aliyepewa habari njema sasa hivi.
Miaka thelathini alikula mayai saa tisa za usiku,
akapigiwa makofi na watu asiowaona nyuso.
Halafu mama yake akaanguka ngazini,
akarudi nyumbani kwa wiki mbili.
Wiki hizo mbili hazijaisha.

Kwetu Bukavu tulisema mcheza kwao hutunzwa.
Huyu alitunzwa ugenini,
kwao akaja kutunza.

Ada ni kopo moja la supu,
au kuzoa theluji mlangoni kwa mzee Pruitt.
Asiye na kopo wala koleo
anyamaze dakika nzima, asikilize.
“Hiyo ndiyo ghali kuliko zote,” husema.

Na husema:
mkono wa kushoto ndio unaolipa kodi ya nyumba,
wa kulia unatembea tu mjini.
Kidole gumba ni mtu mnene kwenye mlango mfupi,
mwambie ainame, apite chini.
Na wewe Jarvis, mbona unakimbia?
Nani anakudai?

Siku moja simu ililia, mtu wa New York,
ukumbi mkubwa, pesa nzuri, Jumanne.
Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu,
akasema: Jumanne nina kazi.

Piano ilitoka kwenye nyumba ya mazishi iliyofilisika.
Ile Fa, hatua chache juu ya Do ya kati,
ilikuja ikiwa imekufa.
Unaibonyeza, inashuka,
inarudi bila neno.
Watoto wakajifunza kuishi nayo.
Jarvis huinua nyusi pale.
Paw Eh hugonga sakafu kwa kisigino.
Nzigire wangu,
aliyefika nchi hii akiogopa hata ngazi zinazotembea,
huvuta pumzi, ndogo,
kama mtu anayeruka dimbwi na viatu vya Jumapili.

Mwaka jana likapatikana fungu la fedha.
Fundi akaja na sanduku lake,
akafungua kifua cha piano, akatoa penseli mbili,
kitufe cha koti, na panya wa zamani sana.
Fa ikalia.
Safi. Nilisikia mpaka chumba cha mafagio.

Jumanne watoto wakaketi, wakapiga.
Nyusi zikainuka.
Kisigino kikagonga.
Nzigire akavuta pumzi.
Hakuna aliyeigusa.

Fundi alikuwa bado mlangoni na ankara mkononi,
uso umemshuka.
Bi Vernita akacheka hadi akashika ukuta.
Akaketi yeye, kuwaonyesha kwamba imepona,
vidole vimevimba viungo, bado vina haraka ya zamani,
akapanda ngazi ya noti, akafika pale,
akairuka.

Wakishaondoka nabaki na taa moja na kitambaa.
Nafuta vibonye kutoka kushoto kwenda kulia,
vinanung'unika kimoja kimoja, kodi ya nyumba, kodi ya nyumba.
Nikifika kwenye Fa
nainua kitambaa,
nahesabu moja,
naendelea.