Shubiri Moja

Kariobangi, nyuma ya mashine ya kusaga plastiki,
saa mbili asubuhi, stima haijarudi.
Nachora kwa chaki sakafuni
ndoo ya mbele ya trekta ndogo ya Bi Kerubo wa Ruai:
mdomo wake, mgongo, visigino viwili,
na upana wa futi nne na inchi tano
niliopima jana ng'ombe wakinilamba shati.

Hataki makuu.
Anataka uma wa samadi,
ubao wa kusawazisha njia mvua ikikatika,
na kitu cha kuinua marobota ya nyasi
bila kuita vijana wa jirani
wanaokuja watatu na kula kama saba.
Ndoo isitoke. Ndoo ibaki palepale,
vifaa ndivyo vije, vishike, viachie,
upesi kama mtu avuavyo kandambili mlangoni.

Nikamwambia, pini nne na nyundo zinatosha.
Akanyamaza. Akatazama zizini,
Mogaka, mumewe, alikokuwa akikamua
kwa mkono wenye vidole vitatu.
"Pini na nyundo," akasema, "tulikuwa nazo."

Mpango wa kwanza: kulabu mbili juu ya mdomo wa ndoo,
skrubu chini, kaza, twende.
Nilitumia springi za lori kutoka Gikomba,
chuma kilichobeba nusu ya viazi vya Kinangop
na bado kinatamani kazi.
Tukajaribu kwa mawe. Mdomo ukapinda
kama wa mtoto aliyenyimwa sukari.
Mzigo haugombani na fundi.
Unakaa mbele, unavuta chini, kimya,
mpaka upapate pale ulipodanganya.

Wa pili nikauchora juu ya wa kwanza:
guu la kuegemea lishuke hadi kisigino cha ndoo,
uzito upite mgongoni.
Mdomo ni wa kula tu.
Na badala ya skrubu, komeo lenye mkono,
ukiusukuma unavuka kitovu chake
na kujifunga wenyewe, tak,
hata trekta irukeruke vipi mashimoni.
Nilijisikia nimezaa.

Nzilani, mwezi wake wa tano hapa,
bado anashika grinda kana kwamba ni paka wa mtu,
akachuchumaa juu ya mchoro.
Hakuuliza unene wa bamba.
Akaweka kiganja chake palepale
mkono wa komeo unapofungia,
kati ya chuma na chuma,
akaniangalia.

Chaki yangu ilikuwa imepita juu ya vidole vyake.

"Sogeza nje," akasema.
Kiasi gani?
Akatanua mkono, gumba hadi kidole cha mwisho.
Shubiri moja.
Tepu yangu ya mita tano ikabaki mfukoni ikiona haya.

Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii.
Naijua na shubiri ile nyingine,
ile ya kuonyeshwa kosa na mwanafunzi wako
mbele ya muuza chai na wateja wawili.
Dawa chungu haitafunwi.
Nikameza. Nikafuta kwa kisigino. Nikachora upya.

Saa nne kasorobo redio ya jirani ikalipuka
katikati ya tangazo la sabuni.
Stima. Nzilani akashusha barakoa,
akagusisha fito kwenye chuma,
nasi wengine tukageuzia nyuso ukutani.

Ijumaa, Ruai, Mogaka alikuja bila kuitwa.
Akausukuma mkono wa komeo kwa vidole vyake vitatu.
Tak.
Akaufungua. Akaufunga.
Akaufungua tena, akainama kuchungulia
pale ambapo mkono wa mtu ungeingia
lakini hauna sababu ya kuingia,
akafunga, akafungua, sijui mara ngapi,
hadi Bi Kerubo, juu ya kiti cha trekta,
injini ikinguruma,
akatukumbusha kwamba samadi haina miguu.