Zamu ya Saa Tatu Usiku

Saa tatu kasorobo. Chumba kina baridi ya friji,
nje Tudor yatokota.
Nimevaa sweta la marehemu baba, la kazi ya bandarini,
viwiko vimetoboka.
Mbele yangu mstari wa kijani unapanda.

Mwaka nilioajiriwa mstari huu ulikuwa kilima,
ukipanda jioni, ukishuka watu walalapo.
Sasa watu hawalali.
Asubuhi naukuta pale pale ulipokesha,
kama mgeni wa siku ya tatu,
na sina jembe la kumpa.

Bwana Tsuma husema, "Ongezeni bomba."
Tumeongeza. Januari mafundi walichimba
Mtopanga hadi Bombolulu,
vumbi likaingia kwenye mahamri ya watu, tukatukanwa.
Kufika Machi bomba limejaa.
Ukipanua mlango wageni hawapungui:
huambiana.

Mimi nimekulia Mikindani, kwenye foleni za mitungi.
Naujua mfereji unapokohoa:
hewa kwanza, kisha kutu,
kisha kikombe kimoja kwa nyumba kumi na mbili.
Ndiyo maana nikiona kifurushi kimeanguka,
kimetumwa tena, kimeanguka tena,
koo langu hukauka lenyewe.

Ufukweni Nyali nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele,
huingia nchi kavu bila hodi.
Huko hakuna shida. Huko ni mto.
Shida ni sanduku la bati juu ya nguzo, Majengo,
lililofungwa kwa ajili ya watu mia mbili,
na leo lina watu elfu moja
na harusi.

Binti ya Khala Zuwena aolewa,
na nusu ya ukoo uko Maskati.
Simu tatu zimesimamishwa juu ya makabati, zarusha picha.
Ghorofa ya pili watazama mpira.
Ya tatu kijana apigana kwa bunduki za mchezo
na mtu wa Brazili asiyemjua jina.
Na kila simu iliyolala mfukoni
yajisasisha yenyewe, haikuulizwa.

Mstari ukagusa dari.
Hakuna mlio, hakuna moshi.
Ni watu tu wanaanza kuganda:
shangazi wa Maskati kaganda mdomo wazi
katikati ya kigelegele.
"Halo? Mwanisikia? Halo?"
Halo mia kwa dakika,
na kila halo nayo ni mzigo.

Nina kitufe kimoja. Naweza kubana.
Sheria ya kazi: kila nyumba sawa.
Nikabana.
Mpira ukawa ukungu. Kijana wa ghorofa ya tatu
akauawa na risasi aliyokwisha kuikwepa.
Bibi harusi akawa vipande vya rangi,
hina yake madoa ya kahawia,
lakini kigelegele kikatoka,
kikafika Maskati kizima kama yai.

Nikafurahi, dakika nne.

Kisha simu ya mezani.
"Naitwa Nyamvula, nyumba nambari sita.
Natuma mtihani wa chuo, unafungwa saa nne kamili.
Ulikuwa asilimia tisini na moja."
Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.
Karatasi yake maandishi matupu, haijazi hata kikombe,
nami nilimbana sawa na harusi nzima.
Ndiyo haki niliyofundishwa.

Nikamwambia ajaribu tena.
Nikamwambia kuna msongamano,
neno lisilo na mtu ndani yake.
Kisha nikamfungulia yeye pekee, kinyume cha sheria,
nikakitazama kimstari chake
kikipenya kati ya miguu ya wacheza ngoma
kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Tisini na nne.
Tisini na sita.
Saa nne ikagonga.

Hakupiga tena.
Nimekunja mikono ya sweta, nimeikunjua.
Kwenye daftari la zamu nimeandika: hali ya kawaida.