Mgeni wa Siku Tatu

Mwape nilimdai elfu sita za nyanya
tangu mvua za mwaka jana.
Akashuka kwenye lori la Kasumbalesa, vumbi hadi kwenye kope,
akaniwekea mezani, katikati ya vitunguu,
kitu cha mviringo, kizito kuliko kinavyoonekana.
"Shika hii kwanza, Mama Musau. Inaitwa meloni."
Kwanza! Kana kwamba deni ni homa
na hiki ni kitambaa cha maji baridi.

Nikaligeuza.
Si boga: boga lina mbavu na halina haya.
Si tikiti: tikiti tunalijua, limejaa maji na kelele.
Hili limevaa wavu,
nyuzi za kijivu zimepishana juu ya manjano hafifu,
mshono wa fundi asiyejua pa kuachia.
Nikaligonga kwa kifundo cha kidole. Likanyamaza.
Mteja akauliza bei. Haliuzwi, nikasema,
mdomo ukiwa umenitangulia.

Nyumbani Katuba, Oktoba,
umeme umekatika, joto limekaa juu ya mabati
kama mwenye nyumba aliyefuata kodi.
Nikaliweka kabatini, kando ya Biblia na chaja isiyo na kazi.
Mama mkwe, Ina Chola, akalitazama kwa pembe ya jicho.
"Mboga hiyo, au tunda?"
Sijui, nikasema.
"Basi lipikwe. Kisichojulikana hupikwa."

Siku ya pili harufu iliamka kabla yetu.
Si ya embe, si ya ndizi iliyopitiliza.
Tamu, yenye kagiza kidogo ndani yake,
kama sabuni ya harusi
iliyosahauliwa sandukuni chini ya vitenge.
Musau akanong'ona: "Mama, nani amelala sebuleni?"
"Hajaamka bado," nikajibu,
kisha ulimi wangu ukanishtua,
mimi niliyefundisha darasa la tatu miaka saba, mitano bila mshahara,
kabla ya kuhamia kwenye nyanya:
jana lilikuwa *li*, leo ni *a*.
Kitu kimeingia ngeli ya watu
na hakikubisha hodi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ya tatu nikampa kisu.
Nilipogusa kikonyo kikaachia chenyewe,
mkono wa mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Ndani
(baba alifanya kazi tanurini, chini ya lile bomba refu la moshi;
alikuwa akisema shaba ikimiminwa haina rangi ya shaba,
ina rangi yake ya muda mfupi,
ukipepesa macho imekwisha,
nasi watoto tulidhani ni uchovu unaosema)
ndani, baba, niliiona.
Na haikuwa moto.

Nusu moja Ina Chola aliiwahi. Akaichemsha na unga wa karanga.
Ikayeyuka, ikawa uji wenye aibu.
Tuliila na bukari, kimya,
hata yeye, ambaye maneno hayamwishii.

Nusu ya pili tuliila mbichi, wima, mlangoni,
maji yakitiririka hadi viwiko.
Ina Chola alifumba macho, akatafuna polepole
kwa upande wenye meno.
"Binamu wa tango huyu," akasema.
"Yule binamu aliyekwenda mbali akarudi na pesa."

Jumamosi Mwape akaleta elfu nne.
Nikazihesabu. Zimebaki mbili, nikamwambia.
"Na meloni je?"
Alikuwa mgeni. Mgeni halipi deni la aliyemleta.
Hakucheka. Nami sikucheka,
lakini nyanya nilimpimia kwa mkono mlegevu.

Mbegu kumi na tisa nimezifukia kando ya bomba,
kwenye udongo mwekundu unaoshika nguo na hauachi.
Kuku wa jirani amefukua tano. Hizo nyingine sijui.
Kila asubuhi Musau anachuchumaa pale, kaptura ikigusa tope,
ananiuliza bila kugeuka:
"Ameamka?"
Bado, namwambia.
Mvua yenyewe haijafika.