Haikukosa

Greenock, ukumbi wa juu ya maktaba, Alhamisi.
Mvua ya Mto Clyde inagonga kioo
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nimemsukuma Mzee Lachlan hadi mstari wa mbele,
nikakaza breki, nikamfunika magoti.
Mimi mlezi wake wa zamu ya mchana; sikualikwa kusema.

Hoja imeandikwa kwa chaki:
Makamanda wa majini wa Kijerumani, wana hatia au hawana?
Chini yake mtu ameongeza: chai saa kumi.

Bwana Rennie alifundisha sheria hadi alipostaafu.
Anashika karatasi kwa ncha za vidole, kama samaki mwenye miba.
"Admirali aliketi mezani, mbali na chumvi.
Akaandika: msiokoe mtu. Akapiga muhuri.
Wino haujui kuogelea, mabwana,
ila umezamisha wengi."
Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya.

Akainuka Bi Maisie Auld, sauti ya kengele ya shule:
"Na nyambizi zetu sisi, zilikuwa zikigawa maboya?"
Akamalizia kwa methali ya kwao, sikuishika vizuri,
lakini sikio langu lilisikia: nyani haoni kundule.

Isobel Galbraith hakusimama.
"Baba alikuwa chumba cha mashine. Mimi nilikuwa na miezi minne.
Msinipimie wino na maji."

Kimya. Bomba la joto likakohoa.

Nami nimekaa na neno la kwetu, limenikwama kooni.
Kwetu kukosa ni kulenga pasipate,
kukosa ni kutenda baya,
kukosa ni kubaki mikono mitupu.
Torpido ya kwanza ilikosa, basi haina kosa.
Ya pili haikukosa,
na hapo ndipo kosa lilipozaliwa,
na Isobel akakosa baba.
Kitenzi kimoja.
Nani atamfasiria mwenyekiti?

Kisha wakamgeukia mzee wangu. Miaka tisini na saba.
Nikamwinamia kumrekebishia kifaa cha sikio.

"Iliibuka kando ya mashua yetu," akasema, "inachuruzika maji.
Kapteni alikuwa kijana, ana mafua.
Akauliza jina la meli, na tani, akaandika.
Akatuonyesha kwa kidole nchi kavu iliko.
Akaturushia mkate, umefungwa kitambaa,
akasema samahani kwa Kiingereza safi kuliko changu.
Halafu akaenda kuwatafuta wengine."

"Kuwaokoa?" akauliza Rennie, karatasi imeshuka.

"Kuwazamisha."

Mwenyekiti kalamu juu: "Kwa hiyo, mzee, ana hatia?"

Lachlan akaitazama mikono yake
kana kwamba mmoja wao ni wa kuazima.
"Tuligawana ule mkate watu kumi na mmoja.
Ulikuwa mtamu.
Hilo ndilo siwezi kumsamehe."

Wakapiga kura hata hivyo. Kalenda ilisema kura.
Mimi nikaombwa nihesabu, kwa kuwa sina upande.
Sina upande! Nikahesabu:
wana hatia kumi na wanne, hawana kumi na wawili,
na mkono mmoja uliokuwa ukijikuna.
Isobel hakuinua wake. Alikuwa akikusanya vikombe,
anavipanga kimoja ndani ya kingine, polepole,
kama anaogopa kuamsha mtoto.
Mkono wa mzee ulibaki chini ya blanketi.

Lifti mbovu. Vijana wawili wa maktaba
wakamteremsha na kiti chake, ngazi kwa ngazi,
na kila ngazi alisema ahsante.

Jumatatu ni siku ya kufua.
Nageuza mifuko ya pajama yake, kama kila wiki,
natoa ganda la mkate, gumu mithili ya kokoto.
Sijawahi kumuuliza.
Naliweka kwenye kisosi dirishani,
na pajama ikishakauka
nalirudisha.