Tundu la Pili

Kibao chenyewe ni kama kipande cha halua,
nacho chalisha skrini mbili msikitini Langoni:
chini, saa za swala zang'aa kijani;
juu kwa wanawake, giza totoro tangu Rajabu.
Kila adhuhuri Bi Mwanashungi humtuma mjukuu
aulize iqama bado dakika ngapi.

Nimepekua waya. Nimelaumu chumvi ya bahari.
Kumbe ni faili: mstari wa tundu la pili
umefungwa mdomo kwa alama moja ya reli,
na aliyeufunga ni mimi, siku ya majaribio.

Naifuta. Nawasha upya.
Juu, kicheko: picha imelala ubavu.
Bi Mwanashungi apindisha shingo,
asoma hivyo hivyo.
"Dakika nne. Katawadhe, fundi."