Kidole Gumba

Apondi alipomwambia mama anataka sketi
mama alikwenda Kibuye Jumapili
akarudi na sketi: ya bluu, ya marinda, lastiki mpya kiunoni.
Tulicheka mpaka taa ikaisha mafuta.
Akaivaa hivyo hivyo, miaka mitatu,
juu ya viatu vya magurudumu alivyoazima
kwa kijana mmoja wa Manyatta, saizi tisa,
ncha zimeshindiliwa magazeti.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya kiwanda cha samaki,
saruji iliyolowa maji ya barafu tangu alfajiri
na mafuta ya mbuta.
Huko ndiko alikojifunza kuanguka.
Kwanza kuanguka, alisema, mengine ni mbwembwe.
Shitanda, bawabu, alitufungulia lango
kwa ujira wa mgongo wazi mmoja, uliokaangwa ukakauka.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na saa ya kupimia mbio,
kioo chake kina ufa,
na kazi yangu ilikuwa moja: kubonyeza.

Nakuru alishinda mara nne mfululizo.
Ya kwanza, watu waliuliza huyu wa sketi ni wa nani.
Ya pili hawakuuliza.
Ya nne alikuja na kidonda cha goti kikitoa maji,
akawapita kwenye kona ya mwisho, ameinama
kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka,
mkono mmoja mgongoni,
mwingine ukiikata baridi ya Menengai.
Nikapiga yowe. Nikasahau kubonyeza.

Kisha barua, kisha viza, kisha Kanada.
Huko wanakuvua magurudumu, wanakuvisha visu.
Sauti yake kwenye simu ilikuwa na ukungu:
"Mdogo wangu, huku barafu haina samaki.
Imelala tu, nyeupe, hainuki kitu,
na mimi siiamini."
Mama akanyakua simu: "Unakula?"

Miaka sita aliuliza swali hilo hilo.
Wa thelathini na moja. Wa kumi na tisa.
Mara moja akatolewa kwa kukanyaga mstari.
Wa tisa, na mama akachinja kuku
bila kujua ni tisa kati ya wangapi.
Halafu usiku ule wa mita elfu moja,
nusu ya Obunga ndani ya kibanda cha Were cha kuchaji simu,
jenereta ikikohoa,
yeye kijidoa chekundu kwenye weupe usiokwisha,
ameinama vile vile, anatafuta shilingi ile ile.

Wa nne.
Ikate sekunde vipande mia:
alikosa nishani kwa vipande vinne.

Watu wakaenda kulala.
Mimi nilibaki na saa yangu yenye ufa,
nikabonyeza kuanza, nikabonyeza kusimama,
haraka kadiri nyama na mfupa vinavyoweza:
vipande kumi na viwili. Tena: kumi na vitatu.
Kidole changu gumba hakipenyi katika pengo lile.
Basi nyakati zote nilizompa nyuma ya kiwanda,
zile alizoziandika ukutani kwa makaa,
zile zilizomliza, akarudia, akarudia mpaka giza,
zilikuwa na uvivu wangu ndani yake.
Sijamwambia.

Amerudi sasa. Goti la kushoto limegombana na ngazi.
Jioni mama huchota barafu kwenye kreti,
huifunga kwa kitambaa (bluu, nakijua kile),
humwekea. Inanuka samaki.
"Hii ndiyo barafu," husema Apondi, amefumba macho.

Jumamosi watoto saba wako langoni kabla ya jua,
viatu vinne kwa watu saba.
Mmoja, Mideva, anaanguka vizuri ajabu.
Apondi ananinyooshea mkono. Nampa saa.
Anaigeuza, anaupapasa ule ufa,
ananitazama muda mrefu kuliko ninavyopenda,
ananirudishia.
"Bonyeza," anasema. "Acha kufikiri."