Ratiba ya Siku Moja na Nusu

Nyevu, umeniandikia toka Eldoret:
"Nipe mji kidogo, unipe na msitu,
Jumapili saa nane niwe kwenye basi."
Maneno hayo tu, baada ya miaka minne.
Shikamoo hukuiweka, nami sikuidai.

Stima imepotea hapa Maweni.
Napanga kwa tochi ya simu, nyuma ya bili ya stima hiyo hiyo,
karatasi pekee nyumbani ambayo Thoya hajaifanyia hesabu.

Jumamosi ni nyepesi. Mji haunisumbui.
Saa moja asubuhi, mahamri na mbaazi kwa Bi Somoe;
tukichelewa tutakuta ya chini ya beseni, yaliyolewa mafuta.
Kisha Shela kwa miguu, vichochoro vyote,
na ule mlango uliokuwa ukihesabu misumari yake
ukikosea makusudi ili turudie.
Makaburi ya nguzo, kando ya msikiti.
Nguzo ya Mreno tutaitazama kwa mbali:
hela ya kiingilio ni ya aiskrimu.
Alasiri makumbusho, tumwone yule samaki wa kale
waliyedhani amekwisha duniani
kumbe alikuwa chini tu, kimya, hataki maneno na mtu.
Usiku pilau. Napika mimi.
Utalala chumba cha nyuma; feni huzunguka ukiizaba kofi.

Jumapili ndiyo iliyonitoa jasho.

Unataka msitu. Unamtaka sange,
yule mwenye pua ya kunusia habari za watu
na kitako cha dhahabu, kana kwamba alikalia mzigo wa sonara.
Unataka Gede, kuta za matumbawe na kima wanaopora ndizi.
Unataka Mida, daraja la mbao linaloyumba juu ya mikoko.
Vyote viko barabara moja, Nyevu,
na barabara hiyo inapita Msabaha.

Basi la Ijumaa nilikukatia la usiku.
Nilisema nauli ni nafuu. Nauli ni ile ile.
Nilitaka upite pale umelala,
kichwa kwenye kioo, giza limeshika zamu yangu.

Nikawaza Marafa, upande mwingine kabisa,
lile korongo jekundu, nalo ni maumbile, nani atabisha?
Nikafuta.
Nikaandika: mvua ikinyesha, tubaki mjini.
Nikafuta. Mwezi huu mvua itoke wapi.
Nikapanga hata viti katika tuktuk ya Baya:
mimi kulia, wewe kushoto,
nikuonyeshe mihogo ya watu, nicheke kwa sauti,
niwe pazia.
Miaka arobaini na mitatu, pazia.

Mikorosho mitatu haipo.
Ulinikataza kwa simu, nikaikata simu,
wiki iliyofuata nikatia saini.
Aliyenunua amejenga ukuta, juu yake vipande vya chupa,
vya kijani, na asubuhi, sitakudanganya,
vinapendeza.
Karo ya Thoya ilitoka humo. Deni la hospitali pia.
Na friji. Friji sikukwambia.
Utaiona Jumamosi utakapotaka maji baridi.

Haya. Nimeigeuza bili.
Chini ya "lipa kabla ya tarehe" naandika upya:

Saa kumi na mbili na nusu, kuondoka.
Viatu vya kufunga. Maji lita tatu. Ndizi zifichwe.
Saa moja kasoro dakika kumi, Msabaha. Kushuka.

Mbele ya hapo sikuweka saa.
Sange, wanasema, huonekana mapema tu;
jua likishapanda hujichimbia kwenye majani makavu
na hata mwenye macho ya mwewe hampati.
Huenda tukamkosa.

Nimempigia Baya, nikamwambia tukishuka pale
asizime injini.
Nimempigia tena:
zima.